Mjadala: Ni amri ya Hitler iliyoikwamisha Me 262, au ni injini yake?

Wakuu, salaam. Kila zikitajwa ndege za kwanza za kivita za jeti, mazungumzo huishia palepale. Wajerumani walikuwa na Me 262, ndege ya kivita iliyozipita nyingine zote kwa mbali mwaka 1944, lakini Hitler akang'ang'ania igeuzwe ya kubeba mabomu, na kwa ukaidi wa mtu mmoja silaha ambayo ingegeuza Vita Kuu ya Pili ikachelewa. Hoja hiyo inatolewa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mimi naipinga, na naiweka hapa ili wenye hoja tofauti waje nazo. Naiona ni hadithi iliyokuzwa na walioshindwa. Ubaya wake si kupotosha tarehe tu. Inatufanya tubishane juu ya kasi na mizinga huku tukiwasahau watu waliolazimishwa kuzijenga ndege hizo.

Tuanze kwa kuipa ndege yenyewe haki yake, maana haikuwa porojo. Ilikimbia karibu kilomita 870 kwa saa, wakati Mustang ya Wamarekani, mojawapo ya ndege za propela zenye kasi kubwa kabisa, iliishia karibu 700. Puani ilikuwa na mizinga minne ya milimita 30, na risasi chache tu zikiipata ndege kubwa ya mabomu zilitosha kuiangusha. Adolf Galland, mkuu wa marubani wa ndege za kivita wa Ujerumani, aliirusha Mei 1943 akashuka akisema ni kama inasukumwa na malaika. Hata hivyo sifa nyingine tunaipa bure. Yale mabawa yaliyolazwa nyuma, ambayo wengi husema ni ushahidi kwamba Wajerumani waliona mbali, yalilazwa kwanza kwa sababu injini zilitoka nzito kuliko ilivyotarajiwa, na ilibidi mizani ya ndege irekebishwe.

Sasa hiyo amri. Novemba 1943 ndege ilionyeshwa mbele ya Hitler kule Insterburg, Prussia Mashariki. Akauliza kama inaweza kubeba mabomu. Willy Messerschmitt mwenyewe, mkuu wa kampuni iliyoibuni, akajibu kuwa inaweza. Mei 1944 Hitler akagundua kwamba zinazojengwa zote ni za kupambana angani, hazina mabomu. Akafoka, akaamuru ziwe za mabomu. Hayo yametokea kweli na sibishani nayo. Swali langu ni dogo: Mei 1944 zilikuwapo ngapi za kuharibiwa na amri hiyo? Chache mno. Na kilichokosekana hakikuwa mabawa wala bodi. Zilikosekana injini. Muundo wa injini ulifikia hatua ya kutengenezwa kwa wingi katikati ya mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha amri yenyewe ilikwisha kulegezwa. Ukiitoa amri ile kwenye historia, unaokoa wiki kadhaa kwa baadhi ya ndege. Huokoi mwaka.

Hapo kwenye injini ndipo naomba tukae kidogo.

Tarehe 18 Julai 1942, katika uwanja wa Leipheim, rubani Fritz Wendel aliirusha Me 262 kwa mara ya kwanza ikitumia injini za jeti peke yake. Ndege ile ya majaribio ilikuwa na gurudumu la nyuma, kwa hiyo ilikaa imeinua pua. Ikikimbia hivyo, hewa haikuufikia mkia sawasawa, na mkia ukagoma kunyanyuka. Wendel alilazimika kugusa breki katikati ya mbio, kwenye kasi ya karibu kilomita 180 kwa saa, ili pua ishuke, mkia unyanyuke, ndipo usukani uanze kutii. Fikiria unakimbilia mwisho wa uwanja kwa kasi hiyo, kisha unakanyaga breki ili uweze kuruka! Baadaye waliweka gurudumu la mbele na tatizo hilo likaisha.

Tatizo la injini halikuisha. Jumo 004, iliyobuniwa na Anselm Franz wa kampuni ya Junkers, ilijaribiwa kwanza kwa madini mazuri: nikeli, kobalti, molibdeni. Hayo ndiyo yanayofanya mapanga ya turbini yastahimili joto la mamia ya digrii huku yakizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Lakini Ujerumani haikuwa nayo ya kutosha kutengeneza injini kwa maelfu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia wakati ule ilichimbwa Katanga, na baada ya Ubelgiji kuvamiwa mwaka 1940 migodi ya Kongo iliwahudumia Washirika. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna jamaa wanaoishi juu ya madini hayo, ila ukisoma masimulizi ya Me 262 Katanga huioni. Wanamtaja Hitler, hawataji mgodi.

Franz akalazimika kuibuni upya injini yake kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na mapanga ya turbini yenye uwazi ndani ili hewa ipite kuyapoza. Kwa mhandisi ni kazi ya kuvulia kofia. Lakini matokeo yake ni injini iliyodumu kati ya saa 10 na 25, kisha ishushwe. Injini ya Welland ya Waingereza, iliyokuwa kwenye ndege yao ya jeti, Gloster Meteor, ilipangiwa saa 180 kabla ya kufunguliwa kwa matengenezo. Huo si mwanya mdogo.

Na hizo saa chache rubani alizipata kwa unyenyekevu. Akisukuma mkono wa mafuta haraka, injini huzimika au hushika moto. Ndiyo maana Me 262 haikuweza kuongeza kasi ghafla, na wakati wa kuruka na kutua ilikuwa windo rahisi. Marubani wa Washirika walilijua hilo, wakawa wanaivizia karibu na viwanja vyake. Tarehe 7 Oktoba 1944, juu ya uwanja wa Achmer, Mmarekani Urban Drew aliziona Me 262 mbili zikiruka, akashuka na Mustang yake, akaziangusha zote mbili kabla hazijapata kasi. Mwezi uliofuata, tarehe 8 Novemba, akafa Walter Nowotny, kamanda wa kikosi cha Me 262, rubani aliyekuwa na ushindi zaidi ya 250. Kikosi kikaondolewa vitani kwenda kufunzwa upya. Jambo la kukumbuka ni kwamba hicho kilikuwa kikosi cha kupambana angani, si cha mabomu. Yaani ndege ilitumika vilevile walivyotaka majenerali, na bado mambo yakawa hayo.

Zilijengwa zaidi ya 1,400. Zilizokuwa tayari kupigana kwa wakati mmoja hazikukaribia idadi hiyo hata kidogo. Nyingi ziliteketezwa zikiwa chini, nyingine zilikosa injini, nyingine zilikosa rubani aliyeiva. Tarehe 10 Aprili 1945 peke yake zilipotea zaidi ya 30.

Sasa hadithi ya amri ilitoka wapi? Tazama nani alinufaika nayo. Galland aliieneza sana baada ya vita. Ilimfaa mtengenezaji wa ndege, maana kama si Hitler, kazi yake ingeonekana kamili. Iliwafaa maofisa waliotaka kuonekana mafundi wa vita waliosalitiwa na mwanasiasa. Aliyetwikwa lawama alikuwa amekwisha kufa. Mzigo wa marehemu haukataliwi na mtu.

Na hapa ndipo hadithi hiyo inaponikera hasa, maana kuna wafu wengine ambao haikuwapa hata mstari.

Viwanda vilipopigwa mabomu, kazi ilihamishiwa chini ya ardhi. Huko St. Georgen an der Gusen, Austria, wafungwa wa kambi ya mateso ya Gusen, tawi la Mauthausen, walichimba mahandaki yaliyopewa jina zuri la Bergkristall. Humo zilijengwa bodi za Me 262, karibu 1,000 hadi vita vinakwisha. Wafungwa walisafirishwa kwa treni kutoka kambini hadi mahandakini, zamu baada ya zamu, na waliokufa kwa njaa, kipigo na kazi ni maelfu. Huko Kahla, Thuringia, kilima kilichokuwa na machimbo ya mchanga wa viwanda vya kauri kiligeuzwa kiwanda. Vibarua wa kulazimishwa kutoka Italia, Poland, Umoja wa Kisovieti na kwingineko walikitoboa ndani, na juu yake wakasawazisha njia ya kurukia. Ndege ilikamilishwa chini, ikavutwa kwa reli hadi kileleni, ikaruka kutoka hapo. Mateso yote yale yalitoa ndege zinazohesabika kwa makumi tu. Bavaria, huko Kaufering na Mühldorf, Wayahudi waliobaki hai kutoka Hungaria na Lithuania, miongoni mwa wengine, walibebeshwa mifuko ya saruji kujenga mahandaki makubwa ya zege kwa ajili ya ndege hiyohiyo. Mahandaki hayo hayakuwahi kutoa hata ndege moja. Watu walikufa kwa maelfu, na zege lipo hadi leo.

Kwa hiyo mtu anaposema "laiti wangeijenga mapema na kwa wingi zaidi", namuuliza: ingejengwa na nani? Hicho anachokitamani kina maana ya Gusen kubwa zaidi, na mapema zaidi.

NYONGEZA baada ya michango ya kwanza:

Mdau mmoja ameandika kwamba nawapendelea Waingereza, kwa sababu Wajerumani ndio waliotangulia kurusha jeti. Ni kweli walitangulia. Heinkel He 178 iliruka tarehe 27 Agosti 1939, siku chache kabla ya vita, na injini yake ilikuwa ya Hans von Ohain. Ya Waingereza ya kwanza iliruka Mei 1941. Ila Frank Whittle alikuwa na hataza ya injini ya jeti tangu 1930, na mwaka 1935 ikaachwa iishe kwa kukosa ada ya pauni 5 ambayo wizara ya anga haikutaka kulipa. Nikitafuta uzembe wa wakubwa uliochelewesha jeti, nitaupata London kabla ya Berlin. Na Meteor ya kwanza ilikuwa ya pole kweli, haikufika hata kilomita 700 kwa saa. Ilianza kazi tarehe 27 Julai 1944 ikiyawinda mabomu ya V-1, yale ya Wajerumani yaliyoruka bila rubani, kusini mwa Uingereza, siku moja tu baada ya Me 262 kuishambulia ndege ya upelelezi ya Waingereza, Mosquito, ikaponyoka. Tofauti ya vitani ilikuwa siku moja, si miaka. Wamarekani nao ndege yao ya jeti, P-80, iliruka Januari 1944. Ingekuwa vita vimerefuka, Ujerumani isingekuwa peke yake angani.

Mwingine amesema uhandisi ni uhandisi, na kwamba hata Wamarekani walizichukua ndege hizo na wabunifu wake, kwa hiyo yanini kuwaletea habari za kambi? Ni kweli walichukua. Anselm Franz alihamia Marekani akabuni injini zilizotumika kwenye helikopta za jeshi lao. Messerschmitt mwaka 1948 aliwekwa na mahakama ya kuwachuja Wanazi katika kundi la wafuasi tu, akarudi kwenye biashara. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuzitaja kambi kwa sauti zaidi, kwa kuwa mahakama na mataifa makubwa walizipita haraka. Sisemi mbunifu wa panga la turbini ndiye aliyemchapa mfungwa. Nasema Me 262 ya 1945 haielezeki bila mfungwa, kama isivyoelezeka bila kobalti iliyokosekana. Ni sehemu ya namna ilivyotengenezwa, kwa hiyo ni habari ya uhandisi pia.

Hapa barani ipo moja. Makumbusho ya kitaifa ya historia ya vita ya Johannesburg ina Me 262 ya viti viwili, ya kupigana usiku, yenye namba nyekundu 8 ubavuni. Naomba wadau walioko Afrika Kusini na waliowahi kufika pale waseme hapa maelezo yaliyo kando yake yanataja nini: kasi na mizinga peke yake, au pia mahali na mikono iliyoijenga? Ningependa kuona kibao chenye majina ya Gusen, Kahla na Kaufering kwenye kila makumbusho yenye ndege hii, kwa herufi zilezile zinazotaja kilomita 870.

Na wale mnaoendelea kuitetea hoja ya amri, nawaachia swali moja, nalo nataka jibu lenye hesabu: Hitler asingesema neno Mei 1944, injini za kutosha kurusha ndege mia tano mwezi Juni zingetoka kiwanda gani, kwa chuma gani?