Naomba ushauri: hawa buibui wa miguu mirefu bafuni niwaue au niwaache?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Kwenye kona za dari ya bafu wapo wale buibui wembamba wenye miguu mirefuuu kama nyuzi, ukiwagusa wanaanza kutikisika kwa kasi mpaka huwaoni vizuri. Sasa shemeji yangu kashikilia kwamba hao ndo wana sumu kali kuliko buibui wote duniani, eti kinachotuokoa ni meno yao mafupi hayawezi kutoboa ngozi, na tangu mwanangu wa miaka 6 asikie hivyo hataki kabisa kuoga peke yake, analia kweli na mi roho inaniuma.

Nimejaribu kusoma kidogo nikakuta hiyo stori haina ushahidi wowote, sumu wanayo ila ni dhaifu kwa binadamu, tena wanakula mbu, nzi na hata buibui wenzao wakubwa kuliko wao. Na kuna mdudu mwingine anachanganywa nao, mwili wake ni kama kidonge kimoja hauna kiuno, huyo hata buibui siyo, hana sumu wala hafumi utando.

Juzi nimemwona mmoja kabeba mayai yake mdomoni, nikashindwa kupuliza dawa. Mi natamani niwaache, nifagie tu utando. Ila mtoto nimweleweshaje wakati mtu mzima anamwambia vingine? Waliopitia hili nisaidieni, na shemeji nimwambieje bila kugombana?