Wauza dawa za mifugo Dodoma, mnatuulia mbwa na hiyo "dawa ya minyoo" yenu

Wakuu, nimechoka na hili na leo naliandika.

Mbwa wa dada yangu pale Nkuhungu, kadogo ka miezi mitatu, kalianza kutapika jioni. Kulipokucha kanaharisha damu, harufu haielezeki. Dada kakimbilia duka la pembejeo. Muuzaji hakuuliza umri, hakuuliza chanjo, hakuuliza kama kanakunywa maji. Kamfungia dawa ya minyoo na sindano ya antibiotiki, oksitetrasaiklini: "Atakaa sawa huyo." Kesho yake tukazika.

Zile ni dalili za parvo! Parvo ni kirusi, na antibiotiki haiui kirusi. Kinachookoa ni drip mapema, kwa sababu mbwa anaishiwa maji mwilini na siku mbili tatu zinatosha kummaliza. Jibu lilipaswa kuwa moja: "Dada, huyu mpeleke kwa daktari sasa hivi." Basi!

Sisemi kila kuhara ni dharura. Mbwa mkubwa kaokota uchafu jalalani, kaharisha, ila anakula na anacheza, huyo mpe maji umwangalie. Lakini akitapika hata maji, akitoa damu au choo cheusi kama lami, fizi zikipauka, ngozi ya shingo ukiivuta isirudi upesi, ukimwita hainuki, unangoja nini? Na akiwa mtoto usingoje hata dalili ya pili.

Halafu kuna tumbo kujaa gesi na kujipinda. Linawapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, hao German Shepherd mnaofuga kulinda mageti Kisasa na Ilazo. Anajikamua kutapika hakitoki kitu, mate yanamtoka, hatulii, tumbo limevimba na kukaza. Hapo ni upasuaji, na una saa chache tu. Kuna watu wanashauri diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu! Inamchoma tumbo mpaka vidonda na kuharibu figo.

Tuna Sheria ya Veterinari tangu 2003, lakini bado mtu anatibu mnyama ambaye hajamtia machoni. Wakaguzi mko wapi?

Na madaktari wa mifugo nanyi, haya ni makao makuu ya nchi, saa tatu usiku simu zote zimezimwa. Mwenye kujua kliniki hapa Dodoma inayopokea mbwa usiku na yenye drip aitaje hapa chini, watu waihifadhi kabla hawajaihitaji.