Miaka 41, najifunza piano mwenyewe: mkono wa kushoto umenigomea

Mchelewaji41
Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwezi wa tano najifunza piano kwa kutazama video. Kinanda changu kina vitufe 61. Watoto wakishalala navaa hedifoni, napiga nusu saa.

Kila mkono peke yake hauna neno. Balaa ni kuiunganisha: wa kulia ukipiga nota mbili za haraka, wa kushoto nao unadandia, unapiga mbili. Nikikosea narudi mwanzo wa wimbo. Halafu wimbo ukipanda kupita sol, vidole vinaniishia, naruka na kidole cha mwisho kuitafuta la. Umri umenitupa mkono au kuna ninachokosea? Na nibadilishe kinanda?

GumbaChini
Vidole vinamwishia kila mtu, mkuu. Ni vitano, na skeli, yaani ngazi ya nota toka do hadi do ya juu, ina nota nane. Hesabu gumba 1, kidole cha mwisho 5. Mkono wa kulia: do re mi kwa 1-2-3, gumba linapita chini ya kidole cha kati na kudaka fa, kisha 2-3-4-5 hadi juu. Siri ni gumba kuanza safari mapema. Ukishabonyeza re, liwe tayari linaingia chini ya kiganja. Ukisubiri mpaka fa ifike, utainua kiwiko kama kuku anayetaka kuruka.

Kushoto ukipanda ni 5-4-3-2-1, halafu kidole cha kati kinavuka juu ya gumba kuichukua la. Ila usikariri kwa skeli zote. Ukianzia fa mkono wa kulia, unapiga vidole vinne ndipo gumba lipite.

PolePole_Tempo
Ugonjwa wako ni huko kurudi mwanzo. Mstari wa kwanza umeupiga mara mia tatu, wa mwisho mara kumi, halafu unashangaa unajikwaa mwishoni!

Chukua vipimo viwili tu (vile vipande vya wimbo vyenye mapigo sawa), pale pale unapokosea. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, weka 50 kwa dakika. Kushoto piga vitufe, kulia gonga paja kwa mapigo yake. Kisha badilisha. Ndipo uiunganishe huku ukisema kwa sauti: "pamoja, kulia, pamoja, kulia". Mdomo ukikosea, vidole havina pa kushika. Ukikosea mara mbili mfululizo, punguza mwendo.

ShangaziNota
Mdogo wangu, mimi nilianza nikiwa na wajukuu, kwa hiyo hilo la umri liache. Ninachokuonya ni video za rangi zinazodondoka juu ya vitufe. Ukizima simu, unabaki na nini? Jifunze kusoma nota, hata mbili kwa siku.

SikioTu
Shangazi, hapo nakupinga. Napiga miaka mingi kwa sikio na sijui hata mstari mmoja wa nota.

ShangaziNota
Na ukipewa wimbo ambao hujawahi kuusikia?

SikioTu
Hapo umenikamata 😂

GumbaChini
Kuhusu kinanda: bonyeza kitufe kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikibaki ileile, kitakuchelewesha, kwa sababu piano halisi ni nyundo inayopiga waya, na kasi ya kidole kubonyeza ndiyo inayoleta sauti ndogo au kubwa. Ikibadilika, endelea nacho. Vitufe 88 vya piano kamili vinaweza kusubiri. Halafu kaa kwa urefu unaofanya mkono toka kiwiko hadi kiganja ulale sawa. Kifundo cha mkono kikiuma, simama.

Mchelewaji41
Mrejesho, siku ya tisa. Sauti inabadilika, kwa hiyo kinanda kinabaki. Vipimo viwili vimekubali kwa 50, kwa 60 bado. Kumbe wa kushoto haukuwa mkosaji peke yake: kulia nilikuwa naikimbilia nota ya pili kabla ya wakati wake. Gumba linapita, ila linabonyeza kwa kishindo kama mlango. Na mwenzangu ameuliza mbona siku hizi nikikaa nagonga paja moja tu.

GumbaChini
Hicho kishindo kinatoka kifundoni, unakidondosha. Piga fa hiyo peke yake kwa sauti ndogo kabisa, mara kumi, kisha urudishe do re mi mbele yake.