Roma hadi Siena kwa gari la kukodi: siku nne zinatosha?

Taratibu_Mwendo
Wakuu, mwishoni mwa Aprili tunachukua gari uwanja wa ndege wa Fiumicino, tuko wawili, na tunalirudisha Siena baada ya siku nne. Tunataka makaburi ya Waetruski (watu wa Italia ya kati kabla ya enzi ya Roma) na miji ya kale ya mlimani, si fukwe. Orodha kwa sasa: Cerveteri, Tarquinia, Civita di Bagnoregio, Orvieto, Pienza, San Gimignano, Volterra. Inawezekana bila kukimbizana? Na hizi faini za kamera za katikati ya miji zinaepukwa vipi?

RamaniMkononi
Ondoa San Gimignano na Volterra. Zote ziko ng'ambo ya Siena, na mkizibana siku ya nne mtaishia kuona maegesho tu.

Siku ya kwanza isiangukie Jumatatu, makaburi ya Cerveteri na Tarquinia hufungwa. Shikeni barabara kuu ya A12 hadi Cerveteri asubuhi. Banditaccia, eneo la makaburi la huko, imepangwa kama mtaa kabisa: vilima vya mviringo huku na huku, na njia ya mawe katikati ambayo magurudumu ya mikokoteni yameichimba mifereji. Ndani ya makaburi mna vitanda vya mawe, na dari zimechongwa kuiga boriti za mbao. Msilikose kaburi la Tomba dei Rilievi, la karne ya 4 KK. Nguzo zake zimefinyangiwa lipu kwa umbo la kamba, visu, ngao na vyombo vya nyumbani, na rangi bado ipo. Bebeni tochi, maana makaburi mengi hayana taa, na viatu vinavyoshika: mvua ikinyesha, mengine hutuama maji.

Tarquinia mchana. Pale juu makaburini utadhani umepotea njia, ni vibanda vidogo tu uwanjani. Kila kibanda kinafunika ngazi. Unashuka, unabonyeza kitufe, taa inawaka kidogo, unatazama michoro kupitia kioo. Kioo kipo kwa sababu joto na unyevu wa pumzi za watu hubandua rangi. Fikeni mapema, dirisha la tiketi hufungwa kabla ya eneo lenyewe.

Siku ya pili Tuscania, Civita, mlale Orvieto. Civita gari haliingii: mnaegesha Bagnoregio, mnalipa kiingilio, mnavuka daraja la miguu lenye mwinuko mkali mwishoni. Mji umekaa juu ya jiwe la volkeno, na udongo wa mfinyanzi chini yake unamomonyoka, ndiyo maana kingo zake huporomoka. Siku ya tatu Pienza na bonde la Orcia. Siku ya nne abasia ya San Galgano isiyo na paa, kisha Siena.

Makanisa ya vijijini hufungwa kuanzia kama saa sita na nusu hadi saa tisa mchana. Saa hizo ziwe za kula au za kuendesha.

Kona_Kali
Kuhusu kamera: eneo linaitwa ZTL, yaani la magari yenye kibali tu, bango lake ni jeupe lenye duara jekundu. Kinachowaponza wageni ni ubao wa taa ulioandikwa "varco attivo". Wanadhani njia iko wazi, kumbe kamera inafanya kazi na hairuhusiwi kupita. Ukipita lango bila kibali, ni faini. Kampuni ya gari hukata ada kwa kutoa jina lako kwa manispaa, na ada hiyo si faini. Faini yenyewe hufuata kwa posta, pengine miezi mingi baadaye. Ukiilipa ndani ya siku 5 tangu uipokee, hupungua kwa asilimia 30.

Msiiamini ramani ya simu, mara nyingi hupitisha gari humo humo. Hoteli ikiwa ndani ya ZTL, iandikieni kabla ya kufika ili isajili namba ya gari.

Orvieto egesheni stesheni mpande na treni ya kamba. Siena egesheni Santa Caterina, kuna ngazi za umeme hadi mjini. Mistari myeupe ni bure (angalia kama inadai kidiski cha saa kwenye dashibodi), ya bluu ni ya kulipia, ya njano usiiguse.

Dizeli_au_Petroli
Nyongeza: A12 na A1 zina ushuru. Mkikosea mkaingia mlango wa njano wa Telepass (wa magari yenye kifaa cha kulipa ushuru bila kusimama), msirudi nyuma hata kidogo; bonyezeni kitufe cha msaada, mtapewa karatasi ya kulipa baadaye. Kituo cha mafuta, pampu ya "servito" (unajaziwa) ni ghali kuliko "self" (unajaza mwenyewe). Mchana na Jumapili vijijini inabaki mashine tu: hairudishi chenji, na ikitumia kadi huweza kuzuia hata euro 100 kwa muda. Gasolio ni dizeli. Leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya, kwa nchi nyingi, huhitaji kibali cha kimataifa cha udereva. Kipateni kabla ya kuondoka.

Taratibu_Mwendo
Asanteni sana. Orvieto, muda ukibana: kanisa kuu au kisima?

RamaniMkononi
Kisima cha San Patrizio kiko hatua chache kutoka treni ya kamba inapoishia, kwa hiyo anzeni nacho. Kina ngazi mbili za mzunguko zisizokutana, moja ya kushuka na moja ya kupanda, ili nyumbu wa maji wasigongane. Ni vipandio 248 kwenda chini na 248 kurudi. Mwenye magoti mabovu apande basi dogo moja kwa moja hadi kanisani.