Nimepata kazi Louisville: KTAP ikikatwa, deikea ya watoto nayo itakatwa?

MamaNeema_LOU

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa nyie mlioko Kentucky mkapitia haya mambo.

Nina watoto wawili, wa miaka minne na wa mwaka mmoja na nusu. Tulitokea kambi ya Nyarugusu. Baba yao yuko Iowa, tulishaachana. Kwa sasa napokea KTAP, ile hela ya taslimu ya serikali, na CCAP, msaada wa serikali wa malezi ya watoto, inawalipia watoto deikea (kituo cha kuwalea mchana) wakati mimi niko darasa la Kiingereza na mafunzo ya kazi. KTAP yenyewe kwa watu watatu haizidi dola 524 kwa mwezi. Kodi ya nyumba inaimeza yote na bado inadai.

Sasa nimepata kazi kwenye ghala la vifurushi, dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, zamu ya asubuhi. Shoga yangu anasema nisithubutu, eti siku KTAP ikikatwa na deikea imekwenda, mshahara wote utaishia kwa walezi. Pale kituoni waliniambia bila msaada mtoto mdogo peke yake ni dola 260 kwa wiki. Ananishauri niombe saa 20 tu nibaki na vyote. Binamu yangu naye kapata mtu anayelipa mkononi, bila karatasi, "serikali haitajua". Nimechanganyikiwa, na ghala wanataka jibu Ijumaa.

Mswahili_Cincy

Hongera kwa kazi dada.

Hiyo ni mifuko miwili. KTAP ni jina la Kentucky la TANF, mpango wa shirikisho wa hela ya taslimu uliokuja na sheria aliyosaini Clinton mwaka 1996. CCAP inatoka kwenye mfuko wa malezi ya watoto, sheria yake ni ya 1990 na ilifumuliwa upya 2014. Watu wanaona ni kitu kimoja kwa sababu jimbo linaruhusiwa kuhamisha mpaka asilimia 30 ya hela za TANF kwenda kwenye malezi, halafu ofisi ni ileile. Lakini familia nyingi zinazolipiwa deikea nchi hii hazipokei hela ya taslimu kabisa. Ni watu wa kazi kama hiyo unayoiendea, ila mishahara midogo.

Kitakachobadilika kwenye faili lako ni sababu ya kulipiwa. Jana mafunzo, leo kazi. Ukishaidhinishwa CCAP, sheria ya 2014 inataka upewe miezi 12 kabla ya kukaguliwa upya, na ndani ya hiyo miezi ongezeko la mshahara halikutoi mpaka uvuke asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo. Wewe hujafika huko. Hata ile sehemu yako ya kuchangia hawapaswi kuipandisha katikati kwa sababu mshahara umepanda.

Mzee_wa_Uvira

Binti yangu, shikamoo nimeipokea hata kama hujaiandika 😀

Mimi nakuuliza jambo moja: umeshatumia miezi mingapi ya KTAP? Maana ile hela ina saa. Mtu mzima ana miezi 60 maisha yake yote, na miezi inakufuata ukihama jimbo. Ukivuka mto kwenda Ohio, kule wao wanahesabu 36. Mwezi uliopokea dola 524 na mwezi uliopokea dola 80 yote ni mwezi mmoja. Sasa huyo shoga yako anakwambia ubaki na saa 20, upewe kijihela kilichokatwakatwa, na mwezi mzima uhesabiwe. Miezi hiyo iwekee siku mbaya. Siku ukiumia mgongo ghalani ndiyo utaijua thamani yake.

Kaka_Lex

Shoga yako hajatunga, ameona watu deikea ikifungwa. Ila ukichunguza, wengi wao waliingia kazini wakanyamaza. Ofisi ikaja kuona mshahara kwenye mifumo yake, barua ikaenda anwani ya zamani, faili likafungwa.

Fanya hivi. Siku ukipewa barua ya ajira yenye malipo na saa za kazi, ipige picha, ipandishe kwenye kynect, tovuti ya jimbo ya misaada, halafu piga simu uhakikishe wameiona. Angalia barua yako ya msaada uko na siku ngapi za kutoa taarifa, kawaida ni 10. Waambie kwa maneno haya haya: "Nataka KTAP ifungwe kwa sababu ya kazi, na CCAP iendelee kwa sababu ya kazi." Omba jibu la maandishi. Na dai mkalimani, ni bure na ni haki yako. Usimtume mtoto wa jirani akutafsirie mambo ya hela.

Huyo wa kulipa mkononi achana naye. Bila salari slipu utaionyesha CCAP nini? Utapoteza deikea hiyohiyo unayoilinda, na wakikubaini unarudisha kila senti.

TaxMama_KY

Naongezea hesabu, ndiyo kazi yangu kila Februari.

Saa 40 kwa dola 17 ni kama 35,360 kwa mwaka kabla ya makato. Saa 20 ni 17,680. Sasa kuna ile nafuu ya kodi ya watu wenye kipato cha kazi, EITC. Kwa mwaka wa kodi 2025, mwenye watoto wawili kilele chake ni dola 7,152. Sitakuficha: kwa saa 20 unakipata karibu kilele chote, kwa saa 40 kinashuka mpaka kama 4,600. Jumlisha mwenyewe: takriban 40,000 upande mmoja, chini ya 25,000 upande wa pili. KTAP hata ungeilipwa yote mwaka mzima ni 6,288, na kwa mshahara wa saa 20 hawatakupa yote.

Kitakachokuuma ni stempu za chakula, zitapungua. Ziweke kwenye bajeti mapema.

MamaNeema_LOU

Asanteni sana jamani. Mzee shikamoo, nisamehe 🙏 Nimetumia miezi kama 14.

Swali: na hela ya matunzo kutoka kwa baba yao? Niliposaini KTAP niliambiwa inakwenda serikalini.

Kaka_Lex

Ndiyo, ukiwa kwenye KTAP haki ya kuikusanya unaikabidhi kwa jimbo. KTAP ikifungwa, matunzo ya mwezi unaofuata na kuendelea ni ya kwako. Waulize wale wa matunzo wana akaunti yako ipi.

Dada_wa_Zamu

Mmempa hesabu nzuri lakini hakuna aliyefanya kazi ghalani humu? Mimi nipo. Zamu ya asubuhi ni ya kwenye mkataba tu, Novemba ikifika wanaita ovataimu ya lazima unatoka giza limeingia. Kituo nilichokuwa nampeleka mwanangu kinafunga saa 12 jioni, ukichelewa wanakudai kwa dakika, wamesimama mlangoni na mtoto kashavalishwa koti. CCAP hailipi hiyo faini. Vituo vingine hudai pia tofauti kati ya bei yao na kile serikali inachotoa, kwa hiyo uliza kwa maandishi kabla.

Una shangazi au jirani unayemwamini? Anaweza kuandikishwa kama mlezi anayelipwa na CCAP, akishapita uchunguzi wa rekodi za jinai. Anza hizo karatasi sasa hivi, huwa zinachukua muda.

Na kama ghala litakushinda: tangu 2022 Kentucky iliwafungulia wafanyakazi wa vituo vya watoto CCAP bila kujali kipato cha nyumbani. Ulizia masharti ya sasa. Mshahara ni mdogo kuliko wa ghala, lakini unakuwa jengo moja na wanao.

MamaNeema_LOU

Shangazi yupo, anakaa mtaa wa pili. Nakubali kazi, saa 40, na kesho naanza karatasi zake. Hivi nikifukuzwa kazini deikea inakatwa siku hiyohiyo?

Mswahili_Cincy

Hapana. Hata jimbo likitaka kuikata, lazima likupe angalau miezi mitatu ya kutafuta kazi nyingine.

Juma_DV

Samahani kuingilia uzi. Mimi nimekuja kwa green card ya bahati nasibu mwaka jana, mke anajifungua Machi. Nasi tunaweza kuomba hiyo KTAP?

Mswahili_Cincy

Juma, wakimbizi wana njia yao. Mwenye green card kama yako anasubiri miaka mitano kwa hela ya TANF ya shirikisho. Lakini kwa deikea wanaangalia hadhi ya mtoto, na wako atazaliwa hapa. Omba CCAP mkishakuwa wote kazini.