Mrejesho: Kihisi cha mionzi mdomoni mwa Mto Pangani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kihisi chetu cha mionzi, kile kinachoelea Pangani na kutuma vipimo kwa laini ya simu, kinapandisha namba kila mvua ikinyesha. Mmoja wenu akasema tusitazame jumla, tutazame spektra, yaani mionzi imegawanyika vipi kwa nishati yake. Ubarikiwe, mkuu.

Masika yalipokolea, vilele vilivyoinuka kwenye grafu vilikuwa vya atomi za madini ya risasi-214 (keV 352; keV ni kizio cha nishati ya mionzi) na bismuthi-214 (keV 609). Hivyo ni vizalia vya radoni, gesi ya asili yenye mionzi inayotoka ardhini; mvua inavizoa hewani. Nusu-uhai wake (muda wa nusu ya atomi kuoza) haufiki nusu saa, ndiyo maana mvua ikikatika, baada ya saa chache grafu inalala tena. Seziamu-137, ile inayotoka kwenye vinu na mabomu ya nyuklia, yenye nusu-uhai wa miaka 30, isingeondoka hivyo. Ila keV 662 yake iko jirani mno na 609, na kristali yetu ya iodidi ya sodiamu, ile inayonasa mionzi, haitenganishi vizuri vilele vilivyokaribiana kihivyo, kwa hiyo macho lazima.

Utamu ni potasiamu-40. Maji yakijaa inapanda, yakipwa inashuka, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina bekereli 12 hivi za potasiamu-40 ya asili (bekereli moja ni atomi moja kuoza kwa sekunde). Kilele chake cha keV 1461 ndicho tunachorekebishia kipimo joto la jua linapokipotosha.

SMS ya tahadhari sasa inafuata dirisha la seziamu (nishati za karibu na keV 662) peke yake. Betri na sola havisumbui. Kinachosumbua ni vijikombe vya baharini (viumbe wadogo wenye gamba) vinavyong'ang'ania kwenye mfuniko. Mwenye dawa isiyoua samaki aseme.