Madogo wapangwe kwa umri au kwa mwili? Leteni hoja

Kocha wa Mchangani

Wakuu, nawasalimu. Nafundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha shule ya msingi huku Temeke, mwaka wa tisa sasa, na kuna jambo linanikera nataka tulijadili bila kuoneana haya.

Jumamosi iliyopita tulicheza na timu ya mtaa wa pili, chini ya miaka 13. Winga wangu ni fundi, mguu wa kushoto unaongea, ila jezi inamfika magotini. Beki wao wa kulia ana kivuli cha ndevu na sauti imeshakwaruza. Dakika ya kumi dogo akampiga tobo, watu wakasimama. Beki akageuka, akampa bega moja tu, halali kabisa, refa wala hakupuliza. Dogo akatua nje ya chokaa. Tangu hapo kila akipewa mpira anaurudisha nyuma upesi kama kaa la moto. Mapumziko akaniomba nimtoe.

Wazazi wa upande wetu wakaanza: "Kijeba huyo! Leteni cheti!" Hapo ndipo penye shida yangu, maana yule beki si kijeba, hajadanganya umri. Namjua tangu anabebwa mgongoni, amezaliwa mwezi mmoja na binti yangu. Ana miaka 12 sawa na winga wangu. Mwili wake umetangulia, basi.

Wenzetu Uingereza wamelichokonoa hili. Mwaka 2015 Premier League iliandaa mashindano ya akademia nne, ikawachanganya watoto wa miaka 11 hadi 14 bila kuangalia nani kazaliwa lini. Kigezo kilikuwa mtoto amefikia asilimia ngapi ya urefu atakaokuwa nao ukubwani, wakachukua walio kati ya 85 na 90. Walipohojiwa baadaye, wale waliochelewa kukua walisema wamepata nafasi ya kuonyesha ufundi na hata kuwaongoza wenzao. Kilichonigusa zaidi ni majibu ya wale waliotangulia: ilibidi wafikiri haraka na kutoa pasi, kwa sababu mabavu hayakuwasaidia tena.

Hilo mimi naliona kila wiki. Mtoto mwenye mwili akiwa na miaka 12 anajifunza kitu kimoja tu, bega. Wenzake wakimfikia akiwa na 17, hana kingine mfukoni. Na yule mdogo tunakuwa tumeshampoteza zamani. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa kuonekana mdogo, akaenda kucheza ligi za chini huku akifanya kazi kiwandani, na 2016 akawa bingwa wa England na Leicester. Yeye alibahatika kurudi. Wa kwetu akiachwa anaenda kuendesha bodaboda.

Pendekezo langu: makombe yabaki kwa umri, ila mazoezi na mechi za kirafiki tuwapange kwa mwili, walau siku moja kwa wiki. Karibuni mnipinge.

Mwalimu wa Michezo

Kocha, unafungua mlango ambao wengine tumekesha kuufunga. Nimepeleka timu UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, mara kadhaa, nimeona watoto wa darasa la sita wenye cheti kilichotolewa wiki iliyopita na mikono ya fundi mwashi. Hata huko juu ni hivyo hivyo. AFCON ya vijana chini ya miaka 17 ilifanyika hapa Dar 2019, Guinea wakafika fainali, kisha CAF, shirikisho la soka Afrika, ikawaondoa kwa sababu ya wachezaji wawili wa umri mkubwa. Kombe la Dunia wakalikosa. Sasa ukisema umri si hoja, hoja ni mwili, vijeba wembamba wote watakushukuru.

Mpita Njia

Messi alikuwa mdogo kuliko wote na akawa Messi. Acheni kudekeza watoto.

Kocha wa Mchangani

@Mpita Njia, Messi huyo huyo alikuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji, na Barcelona ndiyo iliyogharamia sindano zake. Nani anamgharamia winga wangu?

@Mwalimu, mimi naona kinyume chake. Watu wanadanganya umri kwa sababu umri unalipa: kijana anapata wiki nzima ya kuwasukuma watoto. Ukimpanga na wenye mwili kama wake, faida ya uongo itatoka wapi?

Dada wa Fiziotherapia

Kocha, hapo umeteleza, na watu wengi wanateleza hapo hapo.

Ile asilimia haipatikani kwa kumwangalia mtoto. Fomula inayotumika sana ni ya Khamis na Roche ya 1994 (msidhani ni Khamis wa Unguja, ni Marekani). Unaingiza urefu wa mtoto, uzito wake, urefu wa baba na mama, na umri wake. Rudieni hilo la mwisho: umri. Kijana wa miaka 16 kwa kawaida amefikia kama asilimia 97 ya urefu wake, wa miaka 13 yuko kwenye 88 hivi. Sasa kijeba wa 16 akiandikisha 13, fomula inamwamini. Inaona mtoto wa 13 mrefu kupita kiasi, inamtabiria kuwa jitu, halafu inasema bado ana safari ndefu ya kukua. Anapelekwa kwa wadogo! Yaani uongo unalipa mara mbili.

Na kuna la baba. Kwa watoto unaowafundisha, wangapi wanaishi na bibi na hakuna anayejua baba alikuwa na futi ngapi? Juu ya hayo, fomula yenyewe ilitengenezwa kwa vipimo vya watoto wa Kizungu wa Ohio.

Kinachoweza kumnasa mwongo ni kipimo cha picha cha MRI cha kifundo cha mkono, ambayo FIFA ilianza nayo kwenye Kombe la Dunia la U-17 la 2009 kule Nigeria. Lakini ile nayo inasoma ukomavu wa mfupa, haisomi tarehe ya kuzaliwa. Na gharama yake si ya timu inayochangishana hela ya maji.

Mama wa "Kijeba"

Mnabishana kuhusu wadogo tu. Mimi wangu ndiye yule mkubwa.

Ana miaka 12, anavaa kiatu namba 43. Kila mechi natembea na cheti chake kwenye pochi, nimekipiga lamination kimeshachubuka kwa kutolewa. Mwaka jana tumetoka uwanjani, wamemzomea mechi nzima, akaniuliza, "Mama, hivi kweli mimi nilizaliwa lini?" Sikuwa na la kumwambia.

Kocha wake akampandisha acheze na wa miaka 15 na 16. Uwanjani alipambana vizuri tu. Tatizo likawa pembeni ya uwanja. Kule stori ni mikeka ya kubeti na wasichana, na wanamtuma dukani. Mwili ni wa mtu mzima, lakini bado analala na taa inawaka. Wiki ya tatu akasema tumbo linamuuma, na kila siku ya mazoezi linamuuma. Kwa hiyo kabla hamjampanga mtoto kwa kimo, muulizeni na anaogopa nini.

Kocha wa Mchangani

Mama, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Dada, hesabu yako imeniangusha, fomula naiacha.

Nimefanya hivi. Jumatano nimeazima futi ya fundi cherehani, nikawapima watoto 26 kwenye ukuta wa darasa, kila mmoja mstari wake wa mkaa. Nitawapima tena baada ya miezi mitatu, kisha baada ya miezi sita na baada ya miezi tisa. Anayerefuka ghafla nitajua yuko kwenye kasi ya kukua, nimpunguzie mbio na magoti yapumzike. Timu nikagawa kwa jicho langu na huo ukuta, bila kumpandisha mtu zaidi ya miaka miwili, na wote wanabaki na wenzao wa rika wakati wa maji na stori.

Yule beki wa mtaa wa pili nilimwalika, nikamweka na wa miaka 14. Kipindi cha kwanza aligusa mpira mara nne, zote akapokonywa. Cha pili akaanza kuchungulia pembeni kabla pasi haijamfikia, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Winga wangu, ambaye mjadala wote huu nimeuanzisha kwa ajili yake, kwa wadogo wenzake alicheza kwa madoido, chenga tatu mahali pa moja, mpaka nikamtoa. Kanuna hadi jioni.

Fundi anadai futi yake. Nimemwomba anivumilie hadi Jumatano ijayo, kuna watoto watano hawakuja.